Adui Mwenye Mkia

Ndugu zangu, kabla ya matangazo nina viumbe wawili nataka muwatazame.

Wa kwanza ni kima. Si hawa tuliowazoea, wanaokaa kando ya barabara na kupokonya ndizi mikononi mwa abiria. Huyu anaishi ndani kabisa ya msitu wa mlimani, kwenye baridi, na watu wengi waliozaliwa pembeni mwa msitu huo wamezeeka bila kumwona. Nywele zake za kichwani ni ndefu na zimesimama, kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Mkia wake ni mrefu kuliko mwili. Na sauti yake si ya kima hata kidogo: ni mlio mzito, nusu kubweka, nusu honi ya lori bovu. Ukiusikia mara ya kwanza unatafuta fimbo.

Wa pili ni kuvu. Ni jamii ya ule ukungu unaouona juu ya mkate uliolala, ila hii inaishi kwenye mibuni. Haina nywele, haina mkia, haina sauti. Inaanza kama doa dogo la kahawia kwenye tunda changa la kahawa, doa ambalo ungeweza kulifunika kwa kichwa cha pini. Doa linadidimia, linapanuka, linakuwa jeusi. Tunda linaanguka, au linakaukia palepale mtini. Mabwana shamba wanauita ugonjwa huo chulebuni. Mbegu za kuvu hii ni ndogo mno, hazionekani kwa macho. Kutoka tunda hadi tunda zinarushwa na matone ya mvua. Na kutoka shamba hadi shamba? Hapo zinasafiri kwa njia nyingine, tutaifikia.

Nawauliza: kati ya hao wawili, ni yupi angekunyima usingizi?

Basi, alikuwako mkulima mmoja ambaye kahawa yake ilipakana na msitu huo. Msimchukie haraka. Mimi mwenyewe nakusudia kumkasirikia, lakini kwanza nataka mjue alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa mtu mwema. Mgonjwa akizidiwa, yeye alikuwa wa kwanza kushika machela. Na alikuwa kiongozi wa ujima. Kule kwao kazi za kahawa hazifanywi na mtu mmoja mmoja. Kuondoa maotea, yale machipukizi yasiyotakiwa, kupalilia, kuchuma, yote hufanywa kwa zamu: leo wote wako kwako, kesho wote wako kwangu, na mapanga yao na makoti yao, mvua inyeshe isinyeshe. Wanaimba, wanataniana, wanakula kwa mwenye shamba, kesho yake wanahamia kwa mwingine. Ni jambo zuri. Nani kati yetu asingependa kuishi mahali pa namna hiyo?

Lilikuwako shamba moja tu lililorukwa.

Lilikuwa la mama mjane. Marehemu mumewe na mkulima yule walikuwa wamekua pamoja, wakiitana ndugu. Mume alipofariki, mama huyu alionekana shambani na jembe kabla matanga hayajaanuliwa. Magugu yalikuwa yanayameza maharage yake, na hakuwa na mtoto wa kumtuma. Mtu mmoja akamwona, akamwambia mwenzake. Wala hakusema uongo. Alisema tu, "Nimemwona yuko shambani." Yule wa pili akasema, "Kumbe hata hamlilii mwenzake." Wa tatu akasema, "Labda alikuwa anangoja afe." Habari ilipofika kwa wa nne, mama alikuwa amekwisha kumwua mumewe kwa uji.

Je, walimtangaza kwamba ametolewa kwenye ujima? Hapana. Watu waungwana hawatangazi. Zamu yake ilipofika, ilitokea kwamba kuna msiba kijiji cha jirani. Ilipofika tena, kiongozi alikuwa anaumwa mgongo. Baadaye hakuna hata aliyejisumbua kutafuta sababu. Akawa analima peke yake, anapalilia peke yake, na mguu wa mtu mwingine haukukanyaga kati ya mibuni yake.

Tena wakwe zake walikuwa wamemweleza bila kuficha: "Utakaa hapa maadamu kahawa ya ndugu yetu iko hai. Siku ikifa, utarudi kwenu." Kwao kulikuwa wapi? Wazazi walikwisha kufa, na nyumba yao ilikwisha kuanguka. Kwa hiyo shikeni hilo. Kwa wengine kahawa ilikuwa kahawa. Kwa mama huyu ilikuwa paa juu ya kichwa.

Mwaka huo mvua zilikuwa ndefu na baridi ilikuwa kali, na matunda yakaanza kuanguka.

Mkulima aliamka akakuta matunda ya kijani yametapakaa chini ya mibuni yake. Siku iliyofuata yalikuwa mengi zaidi. Akainama, akaokota, akayageuza kiganjani. Na wakati huo huo, kule juu ya miti, kitu kikapiga honi. Akainua macho. Akaona mkia.

Sasa wewe uliyekaa hapo mbele, sema kweli: ungefikiri nini?

"Ni yule," akamwambia mkewe.

"Kima anakula kahawa mbichi?"

"Hali, anachezea. Huoni anazitupa?"

Mkewe akaokota moja. "Mbona haina alama ya jino?"

"Mke wangu, unataka nipande nikamwulize kwa nini hakung'ata?"

Mnacheka. Na mimi nilicheka nilipoiwazia. Lakini kumbukeni kwamba mwanamke yule alikuwa ameuliza swali zuri, na swali lilikufa kwa sababu ya mzaha.

Wiki hiyo bwana shamba akapita na pikipiki yake, amelowa chapachapa. Wakamkalisha, wakampa chai, wakamwonyesha matunda. Akapasua moja kwa ukucha, akasema, "Wazee wangu, huu ni ugonjwa. Ni kuvu. Punguzeni matawi mibuni ipate hewa, okoteni yaliyoanguka myafukie, mpige dawa. Na tafadhali sana, msiingie kwenye kahawa ikiwa na maji. Mnaubeba ninyi wenyewe, mikononi na kwenye nguo, mnauhamisha kutoka kwa huyu kwenda kwa huyu."

Mzee mmoja akamwuliza, "Kijana, huo ugonjwa umeuona kwa macho?"

"Kwa macho matupu hauonekani, mzee."

"Basi sisi kima tunamwona."

Watu wakaangua kicheko, hata bwana shamba naye akacheka, maana alikuwa mgeni na chai yao ilikuwa mkononi mwake. Akaimaliza, akawasha pikipiki, akaenda zake. Na kesho yake ujima uliendelea kama kawaida, kwenye manyunyu, kutoka kwa huyu kwenda kwa huyu.

Halafu siku moja mtu akapita njia ya juu, akachungulia shamba la mjane. Mibuni ilikuwa imebeba. Matunda yalikuwa ya kijani, mazima, yamebanana kwenye matawi. Chini hapakuwa na kitu.

Ndugu zangu, ninyi mnajua kwa nini. Mmeshaelewa. Mikono iliyobeba ugonjwa kwa nyimbo na utani haikuwahi kufika kwake. Walikuwa wamemtenga, na kule kutengwa ndiko kulikomhifadhi. Lakini wao walisemaje? Walisema, "Kima anaharibu kwetu, kwake hagusi. Wamepatana nini?"

Mkulima akaenda. Akasimama nje ya uwanja wa mama.

"Hodi, shemeji."

"Karibu, shemeji. Tumepoteana mno. Karibu uketi."

"Siketi. Nimekuja kukuuliza habari za mwanao."

"Mwanangu yupi? Unajua Mungu hakunijalia."

"Yule mwenye mkia."

Mama akatazama miti ya msituni. Akasema, "Yule hupita huko juu kwa juu, anakwenda zake kwenye matunda ya msituni. Hashuki. Sina neno naye, wala yeye hana neno nami."

"Mbona kwako haangushi hata buni moja?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijui, shemeji. Hata mimi nashangaa. Kwangu hapiti mtu."

Hakulalamika. Alijibu alichoulizwa. Lakini mkulima aliisikia kama tusi, kwa sababu maneno ya kweli yana tabia hiyo yakimkuta mtu ambaye moyo wake unajua. Akasema, "Kesho tunakuja kumsaka."

Mama akainuka, akamshika mkono wa koti. "Msakeni msituni. Nakuomba, msipite kwenye mibuni yangu. Matunda bado machanga. Unajua wakwe zangu walichosema."

"Najua. Kama huna unachoficha, shemeji, hutatuzuia."

Kesho yake kulikuwa na manyunyu. Wakaja wote. Naam, ujima mzima. Baada ya muda wote ule, zamu ya mama hatimaye ilikuwa imefika.

Walitoka moja kwa moja kwenye mashamba yao, makoti yametota, na makopo ya kugonga, na mapanga, na mbwa. Wakajipanga mstari, wakapita bega kwa bega katikati ya mibuni yake, wakishika kila tawi na kulitikisa ili kima asipate pa kujificha. Mmoja akapaza sauti, "Shemeji, wageni tumekuja, leta uji basi!" Mwingine akajibu kutoka upande wa pili, "Uji wa huyo usinywe, utamfuata marehemu!" Kicheko kikapita kwenye mstari mzima. Mama alikuwa amesimama mlangoni na kanga yake imeloa. Alisikia kila neno.

Kima walimpata. Alikuwa mmoja tu, kwenye mti wa mpakani, na wala hakukimbia vizuri, kwa kuwa hakuwahi kufukuzwa na watu. Sitawaeleza alivyokufa. Kuna watoto hapa.

Kisha wakampasua tumbo. Walitaka wote waone kahawa yao ilikokwenda. Wakakusanyika, wakainama. Waliona majani. Waliona matunda ya msituni, na vipande vya magome, na zile ndevu za kijani zinazoota kwenye miti ya baridi. Buni haikuwamo, hata moja.

Mvua ikawa inadondoka kwenye kofia zao. Mkulima alitazama tumbo lile kwa muda mrefu.

Akasema, "Atakuwa alikula jana."

Wakarudi nyumbani.

Baadaye, matunda ya mama yakiwa yameanza kujaa, aliinamia tawi moja akaona doa. Dogo, la kahawia. Akalisugua kwa kidole akidhani ni uchafu. Halikutoka. Akatazama tawi la pili, na la tatu. Kila mahali mstari ulipopita, kila tawi lililoshikwa, doa lilikuwapo. Kabla msimu haujaisha, shamba lake likawa jeusi kama la wengine, na wakwe zake wakaja kama walivyoahidi. Hawakumgombeza. Walimpa muda wa kufunga vyombo.

Siku ya kuondoka alipita mbele ya nyumba ya mkulima, godoro kichwani. Mkulima alikuwa nje. Nilisema alikuwa mtu mwema, na ni kweli, aliona haya. Akasema, "Pole, shemeji."

Mama akasimama. "Asante. Na kwako, yameacha kuanguka?"

Mkulima akatazama chini. Hayakuwa yameacha. Kima alikuwa amekufa na kuoza, na matunda yalikuwa yanaanguka kuliko kwanza.

Jioni ile wanaume wakakutana. Walikaa bila kusema. Ukweli ulikuwa umeketi katikati yao kama mgeni anayengoja kukaribishwa, ilikuwa imebaki mtu mmoja tu aseme, "Jamani, ni sisi." Na nadhani mkulima alikuwa karibu kusema. Nataka kuamini hivyo.

Lakini mwingine akamtangulia. Akasema, "Yupo mwingine."

Wote wakapumua. "Kweli kabisa! Wale hawatembei peke yao." Na wakaanza kupanga siku ya msako.

Mbona hamcheki tena?

Nimemfikiria sana mkulima yule. Mimi si mwepesi wa kumhukumu mtu, na nimejaribu kumtetea. Kumshuku kima si dhambi. Mtu anayeona mali yake inaanguka hushika kilicho karibu na macho. Kutoiona kuvu si dhambi. Nani anaweza kuiona? Hata kutomwelewa bwana shamba naweza kumsamehe. Hasira yangu inaanzia pale tumbo lilipopasuliwa. Pale hakuwa tena mjinga. Alikuwa na jibu wazi miguuni pake, na mvua inamnyeshea, na hakuna aliyemharakisha, naye akachagua kusema, "Atakuwa alikula jana." Bado angeweza kumwonya mama yule apige dawa mapema; kuanzia neno hilo, kila kilichompata mama kilikuwa juu yake.

Na kwa nini alichagua hivyo? Kwa sababu kima ana faida kubwa. Kima ana mwili. Unaweza kumnyooshea kidole, kumkimbiza, kumwua, kisha ukarudi nyumbani ukala na kulala. Kuvu haikupi raha hiyo. Kuvu inakutaka utazame kiganja chako mwenyewe, tena kiganja kile kile ulichokuwa unasaidia nacho watu, unasalimia nacho watu, unaombea nacho watu. Ndiyo maana tunapenda adui mwenye mkia. Tukimkosa, tunamtengeneza.

Nasema tunapenda. Sisi. Sasa sizungumzi tena habari za mlimani.

Vijana wetu wanaondoka. Mabenchi ya nyuma mnayaona. Kwaya zilizokuwa mbili sasa hazitoshi moja. Tumeulizana kwa nini, na badala ya kuinama tukainua macho, tukatafuta mkia. Tumeupata. Yuko dada katika usharika huu mwenye sauti kubwa na kicheko kikubwa zaidi, mwenye kusuka nywele kwa namna isiyotupendeza, mwenye mtoto ambaye hatujaambiwa baba yake. Jina lake limeletwa. Asubuhi hii, katika matangazo, nilitakiwa niseme mbele yenu kwamba ametengwa kwa sababu anaharibu vijana. Mnajua maana ya kutengwa hapa kwetu. Akifiwa hatutakwenda. Akifa, atazikwa kama mtu asiye na wenziwe.

Niliwauliza waliolileta jina: mmeona nini? Wakasema, "Tumesikia." Kwa nani? "Watu wanasema." Watu gani? Hakuna aliyekuwa na jina la mtu.

Basi nikafanya kazi ambayo hamkunituma. Nimewatembelea vijana walioondoka, nyumba kwa nyumba. Nimewaacha waseme. Hakuna hata mmoja, nasema hakuna hata mmoja, aliyemtaja dada yule. Walitaja maneno. Maneno yanayosemwa hapo nje, ibada ikiisha, tunapopeana mikono na kuulizana hali. Binti mmoja alisikia tunalosema juu ya mama yake anayekunywa. Kijana mmoja alisikia ugonjwa wa baba yake ukitajwa kwa jina, kwa kicheko. Mwingine aliposhindwa mtihani alikuta habari imefika kwao kabla yake. Kila mmoja aliondoka hapa na doa, na doa alilipata mlangoni mwa kanisa, kwenye mkono wenye joto, kutoka kwa mtu aliyemwita mpendwa.

Huo ndio undani wa jambo lenyewe, nimeupasua na kuufungua mbele yenu. Angalieni vizuri. Dada yule hayumo.

Mnaweza kusema leo, "Atakuwa aliwaharibu zamani." Mnaweza. Tukishamtoa yeye na vijana wakaendelea kuondoka, tunaweza kukaa kimya kidogo kisha mtu mmoja akasema yupo mwingine, na wote tukapumua. Tutampata. Kanisa halikosi mtu mwenye sauti kubwa. Lakini sitakuwa mimi nitakayewasomea jina, si leo wala siku nyingine. Nimekasirika, na sitaki mnisamehe kwa kukasirika. Nataka mkasirike pia, kila mmoja na mkono wake.

Yeye mwenyewe yuko hapa. Amekaa mahali anapokaa siku zote, na nafasi iliyo pembeni yake iko wazi, kama mnavyomwachia siku zote. Amesikia kila neno. Simwombi asimame, ametazamwa vya kutosha.

Nawaomba ninyi. Kama yuko mtu humu ndani ambaye bado anataka nilitangaze jina hilo, na asimame. Asimame mahali alipo, aseme alichokiona kwa macho yake, tumsikie sauti na tumjue uso. Asiseme watu wanasema. Aseme mimi.

Nangoja.